Mpishi Haonji

Kwenye kikombe cha manjano palikuwa na alama ya kijiko kisichokuwa chake.

Mama Dengu alikuwa na uhakika, kwa kuwa jana yake, kabla ya kulifunga jiko, aliulaza unga ule kwa mgongo wa kisu mpaka ukawa bapa. Sasa ulikuwa na shimo. Shimo dogo, la adabu, lililofukiwa haraka haraka na mtu aliyedhani mwenye jiko hana macho. Akavikagua vikombe vyote saba vya bati lake la viungo. Bizari nyembamba imepungua. Haradali imepungua. Mvuje, ule unaonuka vibaya ukiwa mbichi na kunukia ukipata mafuta ya moto, haukuguswa.

"Kumbe nina mwenzangu humu," alisema peke yake.

Nyumba ilikuwa na watu wanne, na kumtafuta mkosaji kati ya wanne si kazi ya polisi. Mumewe, mshonaji ambaye macho yake yalistaafu kabla ya mikono, hakuwahi kujua bati la viungo linafunguliwa upande gani. Mwanawe, fundi wa friji, aliingia jikoni kufungua friji tu, na hata hapo aliusikiliza kwanza mlio wake kama daktari. Alibaki mkamwana, mke wa fundi, mwenye miezi saba katika nyumba hiyo, sauti ya chini na "ndiyo, mama" zisizokwisha. Mama Dengu hakuwahi kuziamini "ndiyo" zikizidi kiasi.

Na si jiko la kuchezewa lile. Ushonaji ulikuwa umekufa na kazi ya friji ilikuja kwa msimu wa joto tu, kwa hiyo nyumba nzima ilisimama juu ya milo kumi na minne iliyopelekwa kila mchana kwenye kiwanda cha uchapaji mtaa wa pili, katika vyombo vya ghorofa tatu, bakuli juu ya bakuli, vimefungwa kwa mkono wa bati. Kilikuwa chakula cha Kihindi cha nyumbani, si kile cha harusini kinachong'aa samli. Jumatatu wali wa bizari na mchuzi wa dengu. Jumanne mseto wa mchele na choroko, na mtindi pembeni. Jumatano viazi vya uwatu. Alhamisi wali wa ndimu wenye haradali na karanga. Ijumaa biringani katika mchuzi wa ukwaju. Wachapaji ndio waliompa jina la Mama Dengu, naye alilipokea kama cheo.

Bibi yake aliyemfundisha upishi huo alikuwa na sheria moja yenye makali: mpishi haonji. Chakula ulichokwisha kukitia ulimi ni makombo, na makombo hapewi mtu unayemheshimu. Basi Mama Dengu alipika kwa pua. Aliinama juu ya mvuke akajua dengu zimeiva, kitunguu kimebakiza dakika moja, bizari imefika na iondolewe motoni kabla haijawa chungu. Chumvi aliipima kwa kiganja. Miaka thelathini hakuwahi kutia kijiko kinywani kabla ya mlaji wake.

Pua yenyewe ilikuwa imeziba kidogo tangu yale mafua makali ya miezi minne nyuma. Kidogo tu. Mafua huja, mafua huenda, na mikono inakumbuka. Kama siku hizi wali ulimjia mdomoni mwepesi kama maji, kosa lilikuwa wazi: muuza viungo wa sokoni alikuwa anachanganya. Alimfuata akamwambia hivyo mbele ya wateja. Yule bwana alichota bizari, akaisugua viganjani na kumsogezea.

"Nusa, mama."

"Nimenusa. Vumbi la mbao hili."

Akaondoka kichwa juu, na nyuma yake wateja wawili wakatazamana.

Dalili ya mvua ni mawingu, na nyumbani kwake mawingu yalikuwa yametanda. Mazungumzo yalikatika akiingia. Mumewe, ambaye ndoa yao yote alikula kimya kama anayesali, alikuwa ameanza kusema "leo umepika" hata kabla ya kumeza. Mwanamume anayesifu kabla hajameza ana lake jambo. Halafu siku moja, akiwa anaanika mataulo chini ya dirisha la chumba cha wanawe, alimsikia fundi akiuliza, "Leo imekuwaje?" na mkewe akajibu, "Nimewahi. Lakini kidogo tu inishinde."

Amewahi nini? Inamshinda nini? Mama Dengu alibana taulo lile lile kwa kibanio cha pili, kisha cha tatu.

Jibu lililetwa mlangoni na msimamizi wa kiwanda, mtu mnene mwenye kalamu sikioni. Alikuja kuongeza milo miwili.

"Tuna vijana wapya kwenye mashine ya kukata karatasi," alisema. "Na mama, nikupongeze. Mkwe wako ana mkono! Pale katikati chakula kilituyumbia, nisikufiche. Wapo waliotaka kuhamia kwa yule wa chapati. Ila tangu alishike jiko huyu binti, mambo yamenyooka."

"Nani kakwambia ameshika jiko?"

"Hajasema mtu. Tumeonja."

Mama Dengu alicheka, maana mteja ni mteja. Alicheka mpaka msimamizi akafika kwenye kona. Halafu akafunga mlango na kusimama ukumbini akiutazama mkoba wa mkamwana uliotundikwa pale. Sasa aliona yote, kama mtu aliyewashiwa taa. Binti anamharibia chungu kwa siri, kisha anajipikia sifa. Chakula kikiyumba ni cha mama mkwe, kikinyooka ni chake. Mwisho wa safari, mama anapewa kiti ukumbini na kuambiwa apumzike, na bati la viungo linahamia mikononi mwa mtu mwingine. Aliwahi kuyaona kwa jirani. Yule jirani sasa huomba hata chai yake.

Mtego aliuweka Jumatatu. Alichemsha dengu, akafunika wali, akaweka kikaango chenye mafuta ya kuungia mchuzi: haradali mpaka zikaruka, bizari, pilipili kavu mbili, kitunguu saumu. Akakiweka pembeni.

"Naenda kununua ndimu," alisema. "Ukimaliza kufuta vyombo, usiguse kitu."

"Ndiyo, mama."

Alitoka mlango wa mbele, akazunguka ukuta, akapita chini ya kamba za nguo za jirani akiwa ameinama kama mwizi wa kuku, na kusimama kwenye dirisha la jikoni kwa nyuma. Hakuhitaji kungoja. Mkamwana alikuwa ameshakimwaga kikaango chote juu ya gazeti kuukuu. Aliinamia sufuria ya dengu, akanusa, akakunja uso, kisha akachota zile za juu kwa upawa na kuzihamishia kwenye sufuria nyingine bila kugusa chini. Mafuta mapya yalikuwa motoni. Alifanya upesi na bila kutafuta kitu, kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi.

"Za mwizi arobaini," Mama Dengu alisema dirishani.

Upawa ulianguka.

"Mama..."

"Unamwaga nini?"

"Nimemwaga... mafuta, mama."

"Mafuta ya nani?"

"Yako, mama."

"Kwa nini?"

Binti aliuokota upawa. Alitazama gazeti lililokuwa likinyonya mafuta, akatazama mlango, kama anayetaka mtu fulani atokee pale na kumsemea. Hakutokea mtu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimekosa."

"Kukosa umekosa. Nimeuliza kwa nini."

Kimya. Na kimya, kwa mtu aliyekwisha kukata shauri, ni jibu tosha.

Fundi aliitwa kutoka kazini, akaja na bisibisi mfukoni. Mshonaji aliketishwa kwenye kiti chake. Mkamwana alisimama karibu na kabati, mikono ikinuka kitunguu saumu, na Mama Dengu akaeleza: manjano, bizari, dirisha, gazeti. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuumia, maana kweli alikuwa ameumia.

"Nilimpokea kama mwanangu wa kumzaa," alisema. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Muulizeni nimemkosea nini."

Fundi alimtazama mkewe, akamtazama baba yake. "Mama, tuyaache haya. Tule kwanza."

"Tule nini? Alichopika nani?"

"Mke wangu," mshonaji alisema, "hasira hasara."

"Kama una la kusema, mzee, sema. Kama huna, usinisomee methali."

Mshonaji alishusha macho kwenye kidole gumba cha mguu wake, akakitazama kama nguo aliyoletewa kurekebisha.

"Basi nasema mimi. Jiko hili halina wapishi wawili. Abaki yeye niondoke mimi, au aondoke yeye. Chagueni, mko wanaume wawili hapa."

Wanaume hawakuchagua. Aliyechagua ni mkamwana mwenyewe. Aliingia chumbani, akatoka na begi dogo, akapiga goti mbele ya mama mkwe kuaga, kama alivyofunzwa kwao, na kwenda kwa dada yake msusi. Fundi alimfuata akibeba begi. Hapo ukumbini alibaki mwanamke aliyeshinda, na mume wake.

Siku ya pili alipika peke yake na hakuharakishwa na mtu. Alirudia ratiba ya Jumatatu kwa makusudi, ili watu walinganishe: wali wa bizari, mchuzi wa dengu. Mafuta alitumia ya chupa ya zamani iliyokuwa nyuma ya kabati. Mkamwana alikuwa akimkwepesha nayo siku zote, sababu anaijua mwenyewe. Haradali ziliruka. Bizari ilibadilika rangi. Aliinama juu ya mvuke kwa mazoea, akasubiri, akasema "imefika," akazima.

Milo kumi na sita alipeleka mwenyewe kwa toroli, akifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Na hakurudi. Alisimama karibu na mashine za chapa kuwatazama wakila, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Vifuniko vilifunguliwa. Kijana mmoja wa mashine ya kukata karatasi alipeleka tonge mdomoni, akasita, akatazama wenzake. Mwingine alifunga bakuli taratibu, kama aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu. Mchapaji mzee, waliyemwita Mzee Wino kwa kuwa vidole vyake havikuwa vimewahi kutakata, aliendelea kutafuna. Alikuwa mteja wake wa miaka tisa. Alitafuna kwa heshima, machozi yakimlengalenga.

"Vipi?" Mama Dengu aliuliza.

"Mama, leo..." msimamizi alianza. "Dengu zimeshika moto. Na hii bizari ni chungu."

"Mafuta nayo yameoza," kijana wa mashine alisema, akapigwa kiwiko.

Mama Dengu aliwatazama mmoja mmoja. Akaelewa mara moja. Binti alikuwa amewahi kupita huku. Amekwisha kuwajaza maneno, pengine jana ile ile na begi lake mkononi. Hivi ndivyo watu wanavyokula njama: hawana hata aibu ya kutafuna mbele yako.

"Si mimi," alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka. "Ni mke wa mwanangu. Ndiye aliyepika leo. Nimekuta ameniharibia, na vyombo vimeshafungwa. Nimemfukuza nyumbani kwangu kwa sababu hiyo hiyo."

Uongo ulitoka bila kukwaruza koo. Wanaume wale walitikisa vichwa. Mmoja akasema mabinti wa siku hizi bwana, na Mama Dengu akahisi ardhi inarudi chini ya miguu yake.

Akarudi nyuma hatua mbili ili aegemee kitu.

"Mama, toka hapo!" Mzee Wino alimwita. "Usisimame karibu na hilo beseni. Mafuta ya kusafishia hayo, yanapanda kichwani. Sisi wenyewe tunayapita kwa kuziba pua."

Alitazama chini. Beseni lilikuwa wazi kabisa karibu na goti lake, limejaa mafuta meusi na matambaa ya wino. Miaka tisa alikuwa akifika kwenye mlango wa kiwanda hiki na kuvuta mtandio mpaka machoni, kwa kuwa harufu ya pale ilimfuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Leo alikuwa amesimama katikati yake kwa dakika kumi, na mtandio uko mabegani.

Aliinama. Watu wakadhani anaokota kitu. Aliinama mpaka uso ukakaribia kugusa yale mafuta, akavuta hewa ndani, akavuta tena. Macho yalimwasha. Kifua kilimkaba. Puani hapakuja kitu. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo watu wake wamehama.

"Mama?" Mzee Wino alimshika mkono.

"Nimesikia," alisema Mama Dengu, na akakusanya vyombo vyake, vingi vikiwa bado vizito.

Mumewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa mara ya nane au ya tisa. Mama Dengu alimpora sindano, akatunga yeye, akamrudishia.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mzee, nimezeeka nawe. Usinizungushe. Tangu lini mnajua pua yangu imekufa?"

Mshonaji aliichomeka sindano kwenye kola ya shati lake. Alichukua muda mrefu kuichomeka.

"Tangu yale mafua," alisema. "Ulichoma maziwa ukasimama karibu yake unaimba. Mwanao alitaka kukwambia. Nikamwambia asithubutu. Nilisema, huyu ukimwondolea pua umemwondolea kila kitu, na nyumba inalala njaa. Basi tukala. Vibichi tukala, vilivyoungua tukala."

"Na yeye?"

"Nilimwomba mimi. Nilimwapisha. Nilimwambia, mwanangu, rekebisha kinachoharibika, na mama yako asijue mpaka siku Mungu atakapoirudisha. Hakutaka. Alisema akikamatwa atasema nini."

"Akakamatwa."

"Akakamatwa."

"Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho hicho." Sauti yake ilikuwa ya chini, na mshonaji aliiogopa zaidi kuliko ile ya jana. "Mtoto wa watu amesimama pale, anavuliwa nguo, anakusubiri wewe. Na wewe unatazama kidole."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nani mwingine?"

Hilo lilimpata. Alikuwa amekuja na maneno mengi, kwamba wamemvika kilemba cha ukoka, kwamba wamemfanya mtoto ndani ya nyumba yake, na yote yalikuwa kweli. Lakini aliwaona jinsi walivyokaa miezi minne wakimeza dengu zilizoungua na kusema "leo umepika", watu wazima watatu, kwa kumwogopa. Alitamani kulia, akaona hana haki nayo. Akafunga mtandio na kutoka.

Dada yake mkamwana alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alionyesha chumba cha nyuma kwa kitana.

Mkamwana alikuwa anakunja taulo za saluni. Alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Hakukaa hata mmoja. "Baba yako ameniambia. Ulikuwa umeapa."

Binti aliendelea kukunja taulo.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikudhania mchawi wa chungu changu. Kumbe ulikuwa unakiokoa. Na nina lingine, na hili hujalisikia." Alichukua taulo moja, akalikunja vibaya. "Leo nimepika, nimeunguza. Kiwandani wakauliza. Nikasema ni wewe."

Kitana kule nje kilisimama.

"Ulisema ni mimi," binti alirudia.

"Nikasema ni wewe, na nimekufukuza kwa hilo."

Kwa mara ya kwanza katika miezi saba Mama Dengu alimwona mkamwana wake akikasirika. Haikuwa kelele. Aliinua uso tu na kumtazama machoni, na hakukuwa na "ndiyo" yoyote mle.

"Mama, ya nyumbani nilimeza. Niliona ni kiapo, na ni mzee, na mume wangu yupo. Lakini mtaani hapa ndipo ninapopita. Wale wananijua kwa uso. Mimi nitarudi. Ila unisafishe pale pale uliponipaka."

"Nitawaambia kesho."

"Wanatoka saa kumi na moja, mama. Leo."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Walienda wote wawili bila kuongea, na binti akabaki ng'ambo ya barabara, mikono imefungwa kifuani, mahali anapoweza kusikia. Geti lilipofunguliwa Mama Dengu alisimama katikati yake na mtandio wake wa kazini, na wanaume wenye hamu ya kwenda makwao wakalazimika kusimama.

"Leo mchana nimesema uongo," alisema. "Chakula nimeunguza mimi. Mke wa mwanangu hakuwepo. Vile vizuri vyote mlivyosifia, ndiye aliyekuwa akiviponya nyuma yangu, nami nikamtukana. Pua yangu haifanyi kazi. Sisikii harufu yoyote, hata ya huyu hapa." Akamnyooshea kidole kijana wa mashine, na mtu mmoja akacheka, kisha akanyamaza kwa kuona kwamba hakutakiwa kucheka sana. "Anayetaka kuhamia kwa yule wa chapati ahame. Lakini jina la binti yangu mliache safi."

Msimamizi alikuna sikio lenye kalamu. Alisema kesho wapeleke milo kumi, halafu wataona. Wateja sita walikuwa wameondoka hivyo hivyo, kimya kimya, mbele ya macho yake. Mzee Wino alipita akamwambia pole, mama. Neno hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwa kuwa halikuwa na dhihaka ndani yake.

Asubuhi walipika pamoja. Hawakuongea sana. Mtu haombi radhi jioni akaamka na urafiki. Mama Dengu alikaa kwenye kiti, akitaja, na binti akifanya. Kisha hakuvumilia, akasimama akachukua kikaango mwenyewe. Mafuta mapya. Haradali ziliruka, akazihesabu kwa sikio. Akatia bizari nyembamba na kuizungusha, akitazama rangi, na rangi ilikuwa sawa kabisa. Rangi hiyo alikuwa ameiona miaka thelathini. Aliiondoa motoni akageukia sufuria ya mchuzi iliyokuwa ikimngoja.

"Mama," binti alisema nyuma ya bega lake, "imeungua. Usiitie."

Mama Dengu alisimama na kikaango hewani. Alizitazama mbegu. Za kahawia, si nyeusi hata moja. Macho yake yaliapa kwamba zimefika vizuri. Halafu akamtazama binti, na ile sauti ya zamani ikamnong'oneza pale pale, bila haya: ana haki ya kukulipiza. Angekuwa mwingine angekulipiza. Utajuaje?

Hangejua. Leo hangejua, wala kesho. Kila chungu atakachopika mpaka siku ya kufa kwake kitategemea neno la mtu aliyemfukuza, na hakuna mgongo wa kisu wala dirisha la nyuma litakalomsaidia kulipima neno hilo.

"Umenusa vizuri?" aliuliza.

"Nimenusa, mama."

Alienda kwenye gazeti lililotandikwa chini, akamwaga yote, akarudi akasogea pembeni ya jiko ili nafasi iwe ya wawili.

"Basi tuanze upya," alisema. "Ikifika, niambie."